Mchezo Usio na Mwenyewe



Nabii Zekaria alihubiri kwa watu waliorudi kutoka uhamishoni Babeli wakakuta mji wao umebaki magofu. Hekalu lilikuwa halijakamilika, ukuta umelala chini, na wengi walikuwa wamechoka kungoja. Katika sura ya 8 anawaeleza Yerusalemu utakavyokuwa Bwana atakaporudi kukaa humo. Mtu angetazamia kusikia habari za jeshi, hazina na malango ya shaba. Nabii anawaonyesha vikongwe, wake kwa waume, wameketi nje na mikongojo yao, na watoto wa kike na wa kiume wametapakaa mitaani, kila mmoja na mchezo wake. Hicho ndicho kipimo chake cha mji uliopona. Mtoto hachezi njiani wakati wa vita, wala akiwa na njaa kali, wala mahali ambapo mama yake anaogopa kumwachia.

Hatuambiwi walikuwa wakicheza nini. Lakini yeyote aliyelea vijana kanisani anajua kwamba michezo haipendwi sawasawa. Tunayo meza ya mpira wa meza tuliyoletewa kwa nia njema kabisa, na sasa imebebeshwa viti vya plastiki stoo. Na upo mpira wa makaratasi uliosokotwa kwa kamba ya katani, ambao hakuna aliyeutangaza wala kuufadhili, na kila jioni unakimbiliwa na kundi zima la watoto. Kwa nini huu na si ule? Nimeona swali hili linastahili tafakari ya wiki, kwa sababu ndani yake limo jingine linalonigusa zaidi kama mchungaji: watu hukusanyika wapi kwa hiari yao, na nini huwavuta?

Nitalijibu kwa kisa cha mtu aliyesomea kazi kama yangu.

James Naismith alizaliwa mwaka 1861 karibu na mji mdogo wa Almonte, Ontario, nchini Kanada. Wazazi wake walifariki akiwa na miaka 9, akalelewa na mjomba wake. Alisoma Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, kisha akaingia chuo cha theolojia cha Wapresbiteri mjini humo humo, akamaliza mwaka 1890. Alikuwa mpenzi mkubwa wa raga. Wenzake chuoni waliiona raga kuwa chombo cha Ibilisi, na jioni moja walikutana chumbani kuiombea roho yake. Jumapili moja alipanda mimbari akiwa na macho yaliyovilia damu kwa sababu ya mechi.

Kilichombadilishia njia ni jambo dogo. Katika mechi moja, mchezaji aliyekuwa karibu naye alikasirika akaporomosha matusi, kisha akageuka na kumwomba radhi, akisema alikuwa amesahau kwamba yeye yupo. Naismith hakuwa amewahi kumkemea mtu yeyote kwa lugha yake. Akajiuliza: kama kuwepo kwangu tu uwanjani kumemfanya mwenzangu ajichunge hivi, je, hapa si mahali pa huduma? Aliiacha safari ya kwenda kuwa mchungaji wa usharika, akaenda Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani, kwenye chuo cha YMCA kilichokuwa kikiwaandaa viongozi wa chama hicho cha vijana Wakristo.

Huko alikabidhiwa darasa ambalo walimu wawili walikuwa wamelishindwa. Lilikuwa na wanaume 18, watu wazima wanaojiandaa kuwa makatibu wa YMCA. Msimu wa baridi theluji ilikuwa imefunika viwanja vyote, na ndani ya ukumbi hapakuwa na cha kufanya ila viungo na gwaride, mambo waliyoyachukia kwa moyo wote. Mkuu wake, Luther Gulick, alimpa siku 14 abuni mchezo wa kuchezea ndani. Kwanza alijaribu kuileta raga ukumbini, watu wakaumizana. Akajaribu soka. Akajaribu na lakrosi ya kwao Kanada, ikawa vurugu. Siku zilipokaribia kwisha alikuwa na darasa lilelile la watu wenye hasira na hana cha kuwapa.

Hapa naomba tusiharakishe, kwa sababu namna alivyofikiri baada ya hapo ni somo kubwa kuliko mchezo wenyewe.

Aliacha kubadilisha michezo iliyokuwepo, akakaa kuuliza ukali unaingia kwa mlango gani. Kwa nini watu wa raga wanaumizana? Kwa sababu wanakamatana na kuangushana. Kwa nini wanaangushana? Kwa sababu mwenye mpira anakimbia nao, na njia pekee ya kumsimamisha ni kumbwaga. Basi, akasema moyoni, mwenye mpira asiruhusiwe kukimbia. Akiupata, asimame pale pale alipoudakia na ampe mwenzake. Kama hakimbii, hakuna sababu ya kumrukia mwilini.

Likabaki goli. Goli la soka limesimama wima, na anayepiga shuti kali ndiye anayefanikiwa. Naismith akakumbuka mchezo wa utotoni, ambapo watoto waliweka jiwe juu ya mwamba na kulilenga kwa mawe yao. Aliyerusha kwa nguvu alikosa, na jiwe lake likaenda mbali, akapata taabu kulifuata. Aliyelirusha taratibu, likapanda na kushuka, ndiye aliyefaidi. Basi goli akalilaza, mdomo ukatazama juu, na akalipandisha juu ya vichwa vya watu. Mwenye misuli akirusha kwa nguvu zake zote haambulii kitu. Anayepata ni mwenye mkono mwepesi na jicho tulivu.

Alimwomba mtunza jengo maboksi mawili, akaletewa makapu mawili ya kuvunia matunda ya pichi. Akayapigilia misumari kwenye ukingo wa roshani, moja kila upande wa ukumbi. Ukingo ule ulikuwa na kimo cha futi 10, yaani mita 3.05, na hakuna aliyekaa kukokotoa kipimo hicho. Tarehe 21 Desemba 1891 lile darasa liligawanywa watu 9 kwa 9 na kupewa mpira wa soka. Mechi iliisha kwa goli moja kwa bila. Kila mpira ulipoingia kapuni ilibidi mtu apande kuutoa, kwa kuwa kapu lilikuwa na kitako. Na wale watu walioshindikana hawakutaka kuacha.

Kanuni alizobandika ukutani zilikuwa 13. Zinakataza kusukuma, kushika, kukwatua na kumpiga mwenzako. Lakini tazameni mpangilio wake. Kwanza aliiondoa sababu ya kumsukuma mtu, ndipo akakataza kusukuma. Katika makanisa yetu, na nasema hili kwa uchungu kwa sababu nimekaa vikao vingi vya marudi, mara nyingi tunaanza na katazo. Kijana amelewa, tunamtenga. Wanakwaya wamegombana, tunavunja kwaya. Ni mara chache sana tunakaa kuuliza ni kitu gani katika mpangilio wetu wenyewe kinachowafanya watu wasiwe na njia nyingine isipokuwa kugongana. Naismith aliwaheshimu wale wanaume 18 kiasi cha kuamini kwamba tatizo lingeweza kuwa mchezo, na si wao.

Jambo jingine la kutazama: katika kanuni zile 13 hakuandika idadi ya wachezaji. Ukumbi ukiwa mdogo, waingie wachache. Ukiwa mkubwa, waongezeke. Mwenye kufika kwa kuchelewa hakuwa na sababu ya kubaki mlangoni.

Mchezo huo, mpira wa kikapu, ukaenea kwa kasi ambayo hata yeye hakuitazamia. Wanafunzi waliporudi makwao walikwenda nao. Gazeti la chuo lilichapisha kanuni mwezi Januari 1892, na YMCA ikazipeleka kila mahali ilipokuwa na tawi. Walimu wa kike wa shule ya jirani, waliokuwa wakipita na kusikia vifijo, waliomba na wao wacheze, wakakaribishwa. Mmoja wa wasichana waliocheza siku hizo, Maude Sherman, baadaye akawa mke wake. Mwaka huohuo wa 1892 mwalimu Senda Berenson akauingiza katika chuo cha wanawake cha Smith, akabadilisha kanuni kadhaa zifae wanafunzi wake. Ukavuka bahari hadi Uingereza, walimu wa kike wakaubadilisha tena, na huko ndiko ulikozaliwa mpira wa pete ambao binti zetu wanaucheza.

Naismith hakudai haki miliki wala hakutajirika kwa mchezo huo. Alihamia Kansas akafundisha chuo kikuu, na mwaka 1916 akabarikiwa kuwa mchungaji. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikwenda Ufaransa na YMCA kuwahudumia askari. Wachezaji walipogundua kwamba mtu anaweza kusogea akiudundisha mpira, jambo ambalo halikuwemo katika kanuni zake, hakuwazuia, na alilipenda. Mwaka 1936, mpira wa kikapu ulipoingia kwa mara ya kwanza katika Olimpiki, mjini Berlin, alikuwa mzee wa miaka 74. Nauli yake ilichangwa na wapenzi wa mchezo. Alifariki mwaka 1939. Mwaka 2010 zile kurasa mbili za kanuni ziliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 4, fedha ambazo yeye hakuona hata senti yake.

Naamini hapo ndipo penye jibu la lile swali letu. Mchezo huenea pale ambapo aliyeuanzisha ameuachilia. Kama Naismith angeuwekea lango na kiingilio, ungebaki Springfield. Kama angesema wanawake hapana, mpira wa pete usingefika kwetu kabisa. Kila aliyeupokea aliuona ni wake, akaurekebisha kulingana na ardhi yake, na ukazidi kuwa wa watu.

Nazungumzia ardhi kwa maana halisi. Mpira wa kikapu wa leo unategemea kudunda, na mpira haudundi mchangani. Fainali ile ya Berlin ilichezwa nje juu ya udongo, mvua ikinyesha. Mpira ukakataa kuruka, na Marekani wakaishinda Kanada kwa pointi 19 kwa 8 tu. Kwa sababu hiyo, kwetu kikapu kimebaki zaidi kuwa mchezo wa miji na wa shule zenye sakafu ya zege. Dar es Salaam kila mpenzi wa kikapu anaufahamu uwanja wa Don Bosco pale Upanga, ambao mapadre na mabruda wa Wasalesiani wameufungulia vijana wasio hata wa dhehebu lao, na ninawashukuru kwa hilo. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alianza kuushika mpira huo akiwa kijana tayari, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika Marekani nzima kuingia NBA. Urefu alipewa na Mungu. Uwanja wa kujifunzia lazima mtu autoe.

Mpira wa pete umekwenda mbali zaidi vijijini, na sababu yake inanifurahisha kila ninapoifikiria. Wale walimu wa kike walilishika wazo la kwanza la Naismith kuliko hata wanaume: mwenye mpira hakimbii wala hadundishi, anasimama na kutoa pasi ndani ya sekunde 3, na anayemzuia lazima awe umbali wa sentimita 90. Kwa kuwa hakuna kudundisha, mchanga unatosha. Hata ubao nyuma ya pete hauhitajiki. Kimo cha nguzo ni kilekile cha roshani ya Springfield, mita 3.05.

Nendeni shule yoyote ya msingi wiki za kujiandaa na UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, mkaone. Nguzo ni bomba la maji lililosimikwa ndani ya tairi bovu lililojazwa zege. Pete ni kipande cha nondo kilichokunjwa na fundi wa kuchomelea, kimeinama kidogo mbele kwa sababu kila mtoto mrefu amewahi kuning'inia hapo. Wavu hakuna. Mistari imechorwa kwa majivu, na kufikia kipindi cha pili imeshafutwa na nyayo, lakini wasichana wote wanajua inapopita. Wako saba kila upande, vifuani wamebandikiwa herufi zilizokatwa kwenye kitambaa cha shati kuukuu. Mfungaji anapopewa mpira uwanja mzima unanyamaza. Anaunyanyua juu ya paji la uso, anakunja magoti, na hakuna anayeruhusiwa kumgusa. Kwa binti wa miaka 12 ambaye nyumbani huitwa kila dakika, achote maji, ambebe mtoto, aangalie jiko, zile sekunde tatu ni zake peke yake. Nimezitazama nyuso zao wakati huo, na ninaamini mchezo huu umependwa kwa sababu hiyo kuliko nyingine yoyote.

Na mchangani wametoka mabingwa. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2023 mjini Cape Town, dada zetu wa Uganda walimaliza nafasi ya 5, mbele ya wenyeji Afrika Kusini.

Kuna upande mwingine ambao siwezi kuufumbia macho. Mchezo unaotazamwa na wengi si lazima uwe unachezwa na wengi. Vijana wetu wanafahamu matokeo ya ligi za Ulaya kwa majina na dakika, na wengi wao mara ya mwisho kugusa mpira ni shuleni. Jumamosi wanakaa kibandani wameinamia simu, kila mmoja na mkeka wake wa kubeti, na kinachowaliza si timu kufungwa bali mkeka kuchanika. Mama mmoja alinijia wiki iliyopita akilia. Ada ya mdogo wa kijana wake imekwenda huko. Kubeti kumeenea, hilo ni kweli, na pengine kunapendwa na wengi kuliko mchezo wowote niliouandika hapa. Lakini kumewekewa mlango unaomwingiza mtu na fedha zake na kumtoa bila kitu, na wachezaji wenyewe hawajuani hata kwa sura. Tukilaani tu mimbarani hatutafika mbali. Tujiulize Naismith angeuliza nini: sababu ya kijana kukaa pale ni ipi? Nawajibu kwa nilichokiona. Saa kumi na moja jioni hana pengine pa kwenda palipo na wenzake.

Palikuwepo. Wazee wetu wanakumbuka viwanja vya wazi vilivyokuwa katika mtaa huu, na leo juu yake yapo maduka, gereji na kuta. Nasi kanisa tumefuata mkondo. Eneo letu limezungushiwa ukuta na geti hufungwa siku sita kwa wiki, mlinzi akiwa na maagizo ya kuwafukuza watoto ili wasivunje vioo. Sasa liko mezani pendekezo la kuutandazia uwanja wote vitofali vya saruji uwe maegesho ya magari. Naelewa haja hiyo. Magari yanabanana kila Jumapili, na wanaolalamika ni watu wanaojitolea sana kwa usharika huu. Siwadharau hata kidogo. Lakini yanakaa pale saa tatu kwa wiki, na watoto wangekaa pale kila siku.

Alhamisi baraza la wazee litakapokutana, nitaomba upande wa nyuma, kuanzia mwembe hadi kwenye matangi ya maji, uachwe kama ulivyo, na geti dogo lifunguliwe kila siku saa kumi alasiri kwa watoto wote wa mtaa, wa madhehebu yote na wa dini zote. Ninajua nitaulizwa habari za vioo, na habari za kelele wakati wa mazoezi ya kwaya. Wanakwaya nimezungumza nao, wamekubali kuhamia ukumbi wa mbele. Kuhusu vioo, nyavu za kuzuia mpira zinapatikana, na bei yake ni ndogo kuliko vitofali.

Fundi ameshapima. Vinahitajika mabomba mawili, nondo nyembamba ya pete, matairi mawili mabovu na mfuko mmoja na nusu wa saruji. Mwalimu wa michezo wa shule ya jirani ametuahidi kutuazima mpira na kuja mwenyewe siku za mwanzo kuwaelekeza waamuzi. Mwenye bomba au tairi nyumbani kwake amwone mzee wa kanisa wa jumuiya yake kabla ya Jumamosi, na wenye gari la kubebea wanijulishe mimi au mwinjilisti.